Nilimshusha Mama Mkwe wa Bosi

Ndugu msomaji, usiogope, kosa hili si gumu kulijifunza. Mimi rubani mzoefu nililimudu kwa asubuhi moja tu, Jumapili iliyopita. Ndege mpya ya bosi wangu hapa Kigali ina gia kati ya injini na pangaboi. Injini inatakiwa ikimbie sana, ndipo pangaboi lizunguke kwa mwendo wake. Mimi nilipoona mshale wa mizunguko unapanda kuliko nilivyozoea, nikaihurumia injini, nikapunguza mafuta.

Tuliporuka, ndege ikagoma kupanda juu, na mlima mbele ukatukaribia. Nikarudi chini na kumtangazia bosi, aliyekaa kando yangu, kitaalamu, "Patron, uzito umezidi."

Uzito wenyewe ulikuwa mama mkwe wake, aliyekuwa akienda Cyangugu kwenye ubatizo wa mjukuu. Akashuka na kikapu chake cha zawadi.

Tukaruka tena, mimi na bosi. Mlima ukatukaribia vilevile. Kwa hofu, bosi akausukuma mkono wa mafuta hadi mwisho. Injini ikanguruma, ndege ikapaa kama iliyokuwa ikisubiri ruhusa.

Bosi akanitazama. "Kumbe mabukwe, mama mkwe wangu, hakuwa mzito."

"Ndiyo, Patron."

"Basi geuza. Na wa kumweleza ni wewe."