Paja Lililoning'inia Siku Sita

Ghala letu la kijijini Gitting lilinuka mahindi makavu, moshi na, msimu ule wa baridi, paja la ng'ombe. Baba alikuwa amechinja dume kwa ajili ya mama yake, bibi yangu, aliyekuwa mgonjwa na amebakiwa na meno matatu. Bibi alikwishachoka na supu. Alitaka nyama ya kuchoma kabla hajafa, na alilisema hilo waziwazi. Siku ya kuchinja tulimchomea mbavu. Akatafuna mpaka mate yakamwisha, kisha akampa paka. Ndipo Baba akalitundika paja ghalani, upande unaopigwa na upepo wa mlimani, akanipa tawi nifukuze nzi.

Nilikuwa na miaka tisa na sikuelewa kitu. Kwetu nyama huliwa siku ileile, na inayobaki hukaushwa. Hii iliachwa tu, ikawa nyeusi kwa nje, ikatoa harufu ambayo si ya uozo wala ya ubichi. Isitoshe, kila kilichozeeka nilichokijua kilikuwa kigumu: majogoo, maksai wa kulimia, hata Bibi mwenyewe kwa ubishi wake. Siku ya sita nikaamini Baba anataka kumlisha mama yake mzoga. Nikamwendea Bibi, nikamwamkia shikamoo, nikamnong'oneza, "Bibi, usile. Imeoza."

Jioni ile paja lilichomwa, na wote tulimsubiri Bibi, maana hakuna anayeonja kabla ya mkubwa. Baba akamkatia kipande. "Mama, onja kidogo tu."

Bibi akaisukuma sahani. "Mjukuu wangu amekaa nayo siku zote hizi, yeye ndiye anayeijua. Kuleni ninyi."

Baba akanitazama, kisha akatukatia sisi. Nilipotia kipande changu mdomoni, kiliachana chenyewe kama kiazi kilichoiva. Hata ufizi ungekiweza. Nikaona aibu kumwambia Bibi kwamba nilikosea. Juma lililofuata Bibi akafariki, hajaonja.

Wahenga husema majuto ni mjukuu, na mjukuu nilikuwa mimi. Ukubwani nilisomea mifugo. Mwalimu alitueleza kwamba mnyama akifa misuli hukakamaa, halafu vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama huanza kuzikata protini zinazoshikilia nyuzi zake, polepole, ilimradi pawe na baridi ya kutosha, hata nyama ikalainika kabla ya kuoza. Nilifaulu mtihani, lakini bado nimechanganyikiwa: Baba, ambaye hakusoma, alijuaje? Na mbona hakuniambia?

Leo nina bucha Mbulu mjini, yenye friji. Wateja hudai nyama iliyochinjwa asubuhi, nami nawapa hiyo hiyo. Ya siku sita namtunzia Baba, ambaye meno yamemwisha. Anakula taratibu, ananisifu, na hajawahi kunikumbusha lolote. Sijui kama alisamehe au alisahau. Kila Jumapili nakusudia kumwomba radhi, na kila Jumapili namwongezea kipande kingine.