Mwenye Mchanga

Nilipokuwa mtoto kule Masinga, mto wetu ulikuwa na maji msimu wa mvua tu. Siku nyingine zote ulikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyachimba chini yake. Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alisema mchanga ule una mwenyewe, pepo wa nchi kavu, anayetoa maji kwa kipimo. Kibuyu cha kwanza ni chake, humwagwa chini. Usipompa, atajichukulia.

Kiangazi kimoja kikali, mama alichoka na mambo hayo. Mdogo wangu alikuwa anaharisha, na kila tone lilikuwa na kazi.

"Mama, mimi nimeokoka," alimwambia Susu. "Siwezi kumwagia shetani maji ya mtoto."

Susu alimbeba mtoto mgongoni, akatufuata mtoni.

Kisima kilikuwa kimepita kimo cha mtu. Mama aliteremka, akawa anachota na kunipitishia juu, bila kumwaga chochote. Mtungi ulikuwa umejaa nilipoona ukuta wa kisima ukisogea. Haukutoa sauti. Mchanga ulishuka kama unga, mama akazama hadi kifuani.

Tulichimba kwa mikono. Kila tulipotoa, mwingine ulishuka. Ukamfika shingoni. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi.

"Acheni kuchimba!" Susu alipiga kelele. Akanyakua mtungi wetu, akaumwaga wote kuzunguka kisima. "Mpeni chake! Mpeni!"

Wanawake waliopanga foleni tangu alfajiri na kuchota kabla yetu nao wakamwaga yao. Jirani mmoja, Mama Kioko, alikuwa mjamzito. Alikumbatia mtungi wake, akaangalia jua, kisha naye akamwaga. Mchanga ukanywa, ukashikana. Tukamfukua mama polepole hadi akatoka.

Tulilala na kiu. Mtoto alinyonya tu, na asubuhi alikuwa angali hai. Mama aliendelea kwenda kanisani, na Susu hakumsuta hata siku moja.

Leo najua mchanga ukilowa hushikana. Fundi yeyote wa ujenzi atakuambia. Kama Susu alijua hilo, au alimjua pepo wake tu, sikumuuliza, na sasa hayupo. Ninayemfikiria zaidi ni Mama Kioko. Hakuwa ndugu yetu, wala hakuna aliyemlazimisha. Mama alipotolewa, yeye alikaa chini kidogo akapumua, kisha akachukua jembe, akasogea kando, akaanza kuchimba kisima kingine.