Mawese Ndani ya Taa

Watu wa Kibabi hawajanisahau, na nikipita huko hata leo kuna mama atakayevuta hewa puani na kucheka, nami nainamisha kichwa kwa sababu ana haki. Kaka yangu nilimpeleka kaburini kwa gari lililonuka kama chungu cha sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese. Nimechoka kuficha, basi nasema kama lilivyokuwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Yaya Bauma, kaka yangu huyo, alikuwa ameoa Itebero, kule msituni, na alipougua, mke wake, Mama Neema, alimleta kwangu Masisi karibu na hospitali, yeye na mzigo wake na chupa kubwa ya mawese (hata na mgonjwa mgongoni, watu wa kule hawaji mikono mitupu). Siku ya tatu akatutoka. Mama yetu alikuwa Kibabi, miguu imemkatalia safari, akatuma neno moja tu: musimuzike mbele sijaona sura yake. Na baba mukubwa, mkuu wa ukoo wetu, akakumbusha desturi: jua likiisha kuingia, sanduku la maiti halifunguliwi tena.

Jambo lilikuwa jepesi. Tungetoka asubuhi, saa sita tungekuwa tumefika.

Lakini asubuhi ile sanduku lilikuwa sebuleni, wanawake wanalia, mimi machozi yamekataa, na mtu asiyeweza kulia hujitafutia kazi. Nikasema taa za kamyoneti yangu, gari dogo la mizigo, ni hafifu, na huko mlimani kuna ukungu. Nyuma ya nyumba nilikuwa na mafare mawili makubwa, taa za mbele za gari la bwana mmoja wa mashamba lililoachwa porini, na kwa miezi mingi nilikuwa natamani kuyafunga (nikiri pia kwamba nilitaka watu wa Kibabi wayaone). Nikatoa taa za zamani, nikakata bati kwa patasi kwa sababu matundu yalikuwa madogo, nikaunga waya, nikakosea, nikaunga tena.

“Shemeji, twende,” Mama Neema alisema mlangoni. “Jua iko inapanda.”

“Bado kidogo tu.”

“Hiyo kidogo yako iko na miguu mirefu.”

Nilikuwa nimewahi kuona gari lenye taa za manjano likipasua ukungu kama kisu. Rangi sikuwa nayo. Nikaichukua chupa ya Mama Neema bila kumwambia, nikapaka mawese ndani ya vioo vyote viwili. Baridi yetu ya Masisi iliyagandisha palepale, laini, ya manjano, safi kabisa, nikafunga vioo nikijiona fundi. Kama ningemwuliza mwenye chupa, angeniambia jambo ambalo kila mtoto wa msituni anajua: mawese yakipata joto ni maji.

Tukatoka alasiri. Ukungu ukatukuta njiani, nikawasha, na kwa muda mfupi njia ilikuwa nzuri mno mbele yangu. Kisha harufu ikaanza.

Kwetu, maiti ikiwa bado haijazikwa, jamaa hawapiki. Waliokaa nyuma na sanduku walikuwa na siku mbili za mihogo mibichi na maji, na sasa pua zao zilijaa mafuta yanayokaanga. Wakagonga paa.

“Nani ameficha chakula humu?” baba mukubwa akauliza.

Wakakipekua kitunga cha Mama mudogo, ndugu wa mama yetu, kwa sababu alikuwa mnene. Hawakuona kitu. “Banasema nimekula kwa kilio ya mutoto wangu!” alilia. Nami nilishika usukani, nikanyamaza. (Mengine nimejisamehe. Hilo bado.)

Kibabi harufu ilitutangulia. Tulipoingia uani, sauti ikatoka ndani ya ukungu: “Munatuletea maiti ao restora?” Moshi ulikuwa unatoka kwenye taa. Wabebaji wakashusha sanduku, wakapita mbele ya gari, na hapo mafuta yakafika kwenye ampuli, balbu za zile taa. Pa! Na ya pili, pa!

Siku zile milimani bunduki zilikuwa zimewafundisha watu. Sanduku likawekwa matopeni, na wote wakalala kifudifudi katika shamba la maharagwe, mpaka katekista na kitabu chake. Aliyebaki amesimama ni mama yangu, na fimbo yake.

“Ni nini?”

“Ni taa, Mama.”

“Taa inapasuka?”

“Nilipaka mawese ndani.”

Maharagwe yote yalisikia. “Kumbe njo wewe!” Mama mudogo akainuka na matope kwenye mashavu. “Na mimi munanipekua kitunga!” Mtu akacheka, kisha wengine, kicheko kibaya cha watu waliochoka, na mimi nikiwa katikati yao na patasi ingali mfukoni.

Baba mukubwa alikuwa anatazama juu, kwenye weupe uliokuwa unageuka majivu. “Jua imeingia ao bado?” Hakuna aliyejua. Akamtazama mama. “Basi,” alisema polepole, “kama hatujaiona kuingia, haijaingia. Mufungue.”

Wakafungua. Lakini kiza kilikuwa kimeshuka, na mimi, mwenye taa, sikuwa na mwanga wowote wa kumpa. Mama akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye paji la uso wa Bauma, puani, kwenye kovu la kidevu alilolipata utotoni.

“Njo yeye mwenyewe,” alisema. “Nimemuona.”

Hapo ndipo machozi yangu yalipokuja.

Mafare yale niliyang’oa kesho yake nikamwachia Mama mudogo, anayatumia kama bakuli za chumvi. Gari langu lilirudi kwenye taa zake hafifu mpaka lilipokufa, na tangu siku ile, nikiitwa kwenye kilio, sigusi kitu: natoka asubuhi, na kama machozi yamekataa, nakaa nayo hivyo hivyo.