Kovu la Zaituni Limeniaibisha

Ninyi mliosoma kuliko mimi, niambieni: kumponya mtu ni kosa?

Akello hukaanga sambusa mlangoni petu, hapa Kansanga. Siku moja karai lilimponyoka, mafuta ya moto yakamchoma jirani yangu Zaituni nyuma ya shingo. Zaituni akamshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Drani, ili jiko lihamishwe. Baraza likaahirishwa wiki baada ya wiki.

Kovu lilikuwa linamwasha, nikawa nampaka alovera, asali na mafuta ya shea kutoka Gulu, kama mama yangu Hadija alivyonifunza.

"Jajja," yaani bibi, "bado lipo?" aliuliza kila jioni, maana mwenyewe halioni.

"Lipo, tulia."

Uongo mtupu! Lilikuwa limeshafifia, ila nilitaka kumshangaza likiisha kabisa. Habari ya baraza haikunijia kichwani hata kidogo. Kichwa gani hiki!

Juzi baraza likakaa. Zaituni akavua mtandio, akainamisha kichwa mbele ya watu wote. Mzee Drani akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Kovu liko wapi, binti?"

Akello akacheka mpaka akashika mbavu. "Aliungua ndotoni huyo! Jiko langu halitoki."

Zaituni akapapasa shingo, akapapasa tena, kisha akanigeukia.

"Jajja, si ulisema lipo?"

Macho yote kwangu. Nikaficha vidole kwenye mikunjo ya gauni langu la gomesi, maana vilikuwa vinang'aa mafuta. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempaka tena.