Vigingi vya Likombe

Asubuhi ile ya mtaani Likombe bado naikumbuka, mwanangu. Najua sijafika umri wa kumwita mtu mwanangu. Lakini ninyi mnaokuja kwa mafunzo ofisini kwetu manispaa mmezoea kuniita mama, basi acha niitikie.

Nilikuwa mhandisi mgeni kazini, nimepewa mfereji wangu wa kwanza wa maji ya mvua. Chuoni nilisomea zaidi majengo. Mambo ya mifereji nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na video za kwenye simu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana woga wake. Kila nilipofunga hesabu nilihisi yuko mtu atakayekuja kuniumbua, nikaifungua tena.

Tulipigilia vigingi mchana, mbele ya wakazi na mwenyekiti wa mtaa. Mstari ulipita kwenye jiko la nje la Bi Somoe, mjane anayeuza vitumbua. Hakubisha. "Kama maji hayataingia tena chumbani kwangu, pitisheni," alisema.

Nikarudi ofisini, nikarudia hesabu. Nikaona kwamba tukiusogeza mstari ng'ambo ya njia, mteremko ungekuwa mzuri zaidi. Zaidi kidogo tu, nakiri. Ule wa kwanza nao ulitosha. Ila mimi neno "unatosha" lilikuwa haliniingii. Kesho yake alfajiri nikaenda na fundi mmoja, tukang'oa vigingi na kuvipigilia upya. Sikumwambia mtu.

Baada ya siku chache nikarudi pale na Mzee Komba, mkuu wangu wa kazi. Hatujashuka vizuri kwenye gari, mzee Chilumba anayekaa ng'ambo ya njia akawa ameshatusimamia mlangoni.

"Injinia, vigingi vyenu vina miguu? Juzi vimelala kwa Somoe, leo vimeamkia ukutani kwangu. Kesho tuvitafute hadi kijijini Mpapura?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Mmoja akadakia, "Muulizeni Somoe kawapa nini."

Nikageuka kumtazama Bi Somoe. Jiko halikuwepo. Alikuwa ameshalivunja mwenyewe kabla hajajua vigingi vimehama, miti ameifunga kamba, makuti ameyapanga pembeni, anakaanga vitumbua juani. Na ni yeye aliyeinamisha macho, utadhani kweli ametoa hongo.

Nikaanza kueleza habari za mteremko. Mzee Komba akanikatiza kwa sauti ya chini.

"Binti, hesabu zako nimeziona, ni nzuri. Lakini kigingi ukishakipigilia mbele ya watu ni kauli ya manispaa. Huyu mama kavunja jiko kwa kauli hiyo. Ukitaka kuibadili, ibadili mchana, watu wakiwepo, na useme kwa nini. Haya, sema."

Nikawageukia watu, nikasema. Hakuna aliyetoa kitu. Nimevihamisha mimi, kwa kuogopa kukosea.

"Kwani mstari wa mwanzo ulikuwa mbovu?" Chilumba akauliza.

"Hapana. Ulifaa."

"Sasa ulikuwa unahangaika nini, mwanangu?"

Nikaenda kung'oa kigingi cha kwanza. Vigingi vilirudi mahali pake mchana uleule, Bi Somoe mwenyewe akitushikia kamba ya kupimia. Chilumba, baada ya kunung'unika sana, alimpa kona ya uwanja wake asimamishe jiko lingine. Mfereji ukajengwa, mvua ikaja, chumba cha Bi Somoe kikabaki kikavu. Kwenye kona moja ya mfereji, penye mteremko mdogo, mchanga unajikusanya na huwa tunauzoa. Nikipita pale bado unaniwasha machoni. Naupita hivyo hivyo.

Basi nakuusia. Rudia hesabu zako kadiri unavyotaka kabla kigingi hakijagusa ardhi. Hapo woga wako utakufaa. Kikishaingia ardhini, kuna watu wanaanza kupanga maisha yao kwa kukitazama. Ukigundua umekosea kweli, rudi uwaambie hata kama midomo inakukauka. Ukigundua tu kwamba ungeweza kufanya vizuri zaidi, jifunze kwa mfereji unaofuata, na huu uache upitishe maji.

Mungu akujalie wakubwa wa kukukemea mapema, akupe na kifua cha kuwasikiliza. Mvua zikukute kazi imekwisha, na kila mtaa utakaojenga, wenyewe wafurahi kukuona unarudi.