Fungu la Bhoke

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini, Karani Mkuu wa baraza letu huko Tarime aliniuliza kama naweza kumkadiria ng'ombe bei. Nikacheka. Mtoto wa Kikurya kuulizwa hilo! Baadaye nilijua ng'ombe ndiye rahisi. Kazi yetu ilikuwa kupima mafungu ya warithi, na gumu kuliko yote lilikuwa fungu la hiari: marehemu anamwachia ndugu yake zizi zima, awape watoto kadiri atakavyoona mwenyewe. Hapo mtoto hana hata ndama wa kusema ni wake. Ana tumaini tu, na hakimu anataka tumaini hilo liandikwe kwa shilingi.

"Tazama mshika mali ametoa nini miaka iliyopita," Karani Mkuu alinifundisha. "Mkono wa mtu haubadiliki."

Nilimwamini, nikawa hodari, na kichwa kikavimba.

Ndipo akaja mjane kutoka kijiji cha Nyanungu, Mama Chacha. Mifugo ya mumewe ilishikwa na shemeji yake, Mzee Marwa. Aliogopa itakwisha kwa mahari ya vijana wa Marwa, akaomba mafungu ya wanawe wawili, Chacha na Bhoke, yajulikane. Nilikaa kwa Mzee siku mbili nikimhoji. Alikuwa akitoa maziwa, nguo, hata dume alimuuza ili Chacha apelekwe hospitali Musoma. Nikajumlisha, nikagawa, nikaandika: kila mtoto, ng'ombe watatu na bei yao. Hakimu akagonga muhuri. Mzee akawatoa bila ubishi.

Mwaka uliofuata ndigana, ile homa ya kupe, iliwamaliza ng'ombe wote sita. Kisha Bhoke akaugua kifua. Mama alipokimbilia kwa shemeji, alionyeshwa karatasi yangu. Mzee hakuwa mtu mbaya. Serikali ilikuwa imemwambia anadaiwa kiasi gani, naye alishalipa. Bhoke alifia nyumbani.

Mama Chacha alitembea mpaka ofisini kwangu. Hakulia.

"Karani, futa hiyo namba," alisema. "Nimebaki na Chacha. Baba yake mkubwa arudi kumpa vile anavyotaka mwenyewe."

Nilimjibu kwamba uamuzi wa baraza haufutwi na karani. Ilikuwa kweli, na naionea aibu mpaka leo.

Nilistaafu nikiwa Karani Mkuu. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza tulikuwa tunakadiriaje, nami nawaonyesha hesabu yote. Halafu nawaambia habari za Bhoke. Kabla sijafika kwao na kalamu, fungu lake lilikuwa chochote ambacho angehitaji.