Shangazi Aliyeanguka Farasini

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba toka Nakuru mpaka Kuresoi na bado sijui niiweke wapi.

Miaka hiyo ya hamsini nilichoka kukamua ng'ombe wa mzungu kule Dundori, nikawa mpasua kuni katika shule moja ya wavulana karibu na mji, na kwa vile shule niliiacha mapema na masikio yangu hayatulii, nilikuwa nasimama dirishani nikisikiliza Kiingereza cha darasa la juu (kuni zikinisubiri). Mwalimu wao akaniona. Aliposhikwa na homa alinituma kwa Mhindi mwenye duka la vitabu, nikachague vya kufundishia insha, akasema nikileta vizuri nitapewa kiti nyuma ya darasa. Kiti, jamani, mimi!

Mhindi akaniwekea viwili. "Hiki cha darasani, hiki cha mtu anajisomea nyumbani."

Cha darasani kilikuwa maswali matupu. Cha pili kilikuwa na maswali, na mwishoni insha zote zimeshaandikwa. Nikajiuliza, nani hununua nyumba haina paa? Nikabeba cha pili, nakala za darasa zima, nikawagawia wavulana mwenyewe, mwalimu akiwa bado kitandani.

Siku mwalimu alipoamka ndipo inspekta wa shule alipokuja. Akafungua kitabu, akachagua swali: andika juu ya siku uliyoogopa sana. Wavulana wakaandika mbio (nikafurahi, nikasema kitabu kinafanya kazi). Wa kwanza akasoma jinsi shangazi yake alivyoanguka farasini kwenye theluji, inspekta akampa pole. Wa pili akasoma, shangazi yuleyule, theluji ileile. Wa tatu alipoanza, mwalimu akainamisha kichwa, na inspekta akanigeukia mimi, nimekaa nyuma kwenye kile kiti nilichoahidiwa.

"Na wewe, shangazi yako hajambo?"

Nami nilikuwa nimeikariri ile insha ya kitabuni. "Alianguka, bwana, lakini sasa anatembea kwa fimbo."

(Shangazi zangu wote wako Dundori, farasi wanamwona kwa mbali tu.)

Inspekta alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu hakucheka. Akanitoa nje, akaniuliza kwa nini nilichukua chenye majibu.

"Mwalimu, kama majibu yapo, mbona tuwafiche?"

Akaingia darasani, akakibeba kile kiti mwenyewe mpaka stoo. Kesho yake nilipopita na shoka, dirisha lilikuwa limefungwa.

Kitabu simchagulii mtu tena, hata anibembeleze. Lakini swali langu nililiuliza kwa moyo safi, na mpaka leo nangoja wa kunijibu.